Pimbi Aliyekufa Ili Aone Nyuma

Paukwa.
Pakawa.
Palikuwa na nini?
Palikuwa na digrii.
Inaliwa?
Hailiwi, imepigwa laminesheni.
Basi kaeni vizuri, nifungue mdomo, maana hiyo ndiyo kazi pekee isiyohitaji uzoefu.

Hapo kale, na kale yenyewe si mbali, kulikuwa na Pimbi, yule mnyama mdogo wa mawe asiye na mkia. Pimbi alisoma. Alisoma mpaka macho yakaingia ndani. Akapewa digrii, akavishwa joho, mashangazi wakapiga vigelegele. Halafu akarudi kukaa juu ya jiwe. Asubuhi jiwe. Mchana jiwe. Jioni jiwe. Mama yake akipita na kuni anamwambia, "Msomi wangu, jiwe halijambo?" Pimbi anajibu, "Halijambo mama, linakusalimu."

Siku moja Kunguru akapita juu ya mawe anatangaza. Kaa, kaa, kaa. "Kazi kwa Bwana Fisi. Kafungua kibanda cha gemu pale sokoni. Anamtaka msomi aijaribu gemu mpya, kisha atoe fest impresheni."

"Fest impresheni ndiyo mdudu gani?" akauliza mama Pimbi.

"Ni kusema kitu umekionaje mara ya kwanza," akasema Pimbi. "Kama baba aliponiona mimi."

"Baba yako hakusema kitu. Aliguna."

"Ndiyo hiyo."

Kunguru akaendelea. "Awe na digrii. Awe na uzoefu wa miaka mitano. Awe na adabu. Aje peke yake, na awe tayari kutaja kilo zake."

Sasa nyinyi mnacheka, mnasema, kilo za nini? Mnacheka kwa sababu mmeshiba. Mwenye njaa hasikii tangazo mpaka mwisho. Anasikia neno kazi, kup, masikio yanajifunga. Pimbi alishashuka mawe nusu kabla Kunguru hajatua.

Nje ya kibanda palikuwa na foleni. Ngiri yumo, Swala yumo, Nguchiro yumo, kila mmoja na bahasha kwapani, kila mmoja anamtazama mwenzake kama mwizi. Mlangoni alijikunja Chatu, mlinzi wa Bwana Fisi, amevaa kofia ya ulinzi. Mshahara wake ulikuwa mifupa, kwato na pembe, yaani kile ambacho bosi hakuweza kutafuna, na mjue Fisi anatafuna karibu kila kitu.

"Shikamoo mzee," akasema Pimbi.

"Marahaba."

"Nasikia juzi aliingia hapa rafiki yangu Digidigi, nimesoma naye. Alipata?"

Chatu akakohoa. Koh, koh, kama aliyekwamwa na kitu kooni. "Alipata," akasema. "Ingia, wewe ndiye mdogo, bosi kasema leo tuanze na wadogo."

Ndani Fisi alikuwa mnene. Nchi nzima mbavu nje, ukame hata kupe wamekonda, lakini Fisi mnene, manyoya yanang'aa.

"Welkam, dogo. Kilo?"

"Nne na kidogo, bosi. Samahani, Digidigi yuko chumba gani?"

"Digidigi kapandishwa cheo," akasema Fisi, akajipapasa tumbo. "Yuko hedi ofisi. Kaa hapo."

Chumba kilikuwa giza, mwanga kidogo tu ukipenya mlangoni. Katikati kigoda kimoja. Mbele ya kigoda, kioo kikubwa cha gemu ukutani. Nyuma ya kigoda, mlango. Fisi akampa pedi ya kuchezea, akamvalisha hedifoni zilizomfunika mpaka shingo.

"Ukivaa hizi ndipo utasikia utamu," akasema. "Dunia ya huku nyuma isahau. Cheza kwa bidii. Anayecheza bila kufa ndiye ninayemchukua."

Kioo kikawaka. Mji uliobomoka, moshi, mbingu ya rangi ya kutu, na askari mmoja amesimama peke yake na bunduki. Na kila mahali vikuta. Vikuta vifupi, vya kufika kiunoni, barabarani, uani, sebuleni, utadhani mji mzima ulijengwa na fundi mmoja aliyekuwa akikatisha kila ukuta kwenda kunywa chai. Ukibonyeza kitufe, askari anajibanza nyuma ya kikuta, puu. Ukibonyeza kingine anachungulia. Ukibonyeza kingine anapiga, tatatata. Ndiyo gemu yote hiyo. Jibanze, chungulia, piga. Jibanze, chungulia, piga.

Pimbi akaipenda. Moyo wake ulikuwa umezoea hivyo: pimbi gani asiyejua kujibanza nyuma ya jiwe? Lakini kupenda si kujua. Vidole vyake vilikuwa vifupi, vitufe viko mbali. Akajibanza, akachungulia, akasahau kupiga. Adui akazunguka kikuta akamjia kwa nyuma. Pa. Askari akaanguka kifudifudi, na kioo chote kikazima.

Sasa sikilizeni. Kioo kikiwaka ni gemu. Kioo kikizima ni kioo, cha kujitazamia. Katika weusi ule Pimbi akajiona amekaa, hedifoni kichwani, mdogo kama kokwa. Na nyuma yake akamwona Fisi, pale mlangoni, ananyata kwa ncha za vidole, mdomo wazi.

Kioo kikawaka. Fisi akapotea kwenye mwanga. Maandishi yakasema: JARIBU TENA.

Pimbi akaelewa yote mara moja: kilo, kikohozi cha mlinzi, hedi ofisi. Akamwelewa na Digidigi pia. Digidigi alikuwa bingwa wa gemu tangu chuoni, vidole kama mvua ya mawe, hafi ovyo. Alijibanza, akachungulia, akapiga, akajibanza, akachungulia, akapiga, kioo kinawaka tu, na hakuona hata sekunde moja ya kilichokuwa kikija. Aliliwa akiwa anaongoza.

Kukimbia? Mlango uko nyuma, na kwenye mlango kuna meno. Kugeuka? Akigeuka, Fisi anaruka. Kitu pekee Pimbi alichoweza kufanya ni kufa. Akamsimamisha askari katikati ya barabara, wazi, mikono chini. Pa. Kioo kikazima. Fisi yuko katikati ya chumba. JARIBU TENA. Akamsimamisha tena. Pa. Kioo kikazima. Fisi yuko hatua moja, na udenda unaning'inia kama uzi.

"Bosi," akasema Pimbi, macho mbele, sauti imetulia, ila nyayo zake zilikuwa zimelowa. "Fest impresheni iko tayari."

Nyuma yake mdomo ukafungwa, kop. "Eh. Sema, dogo. Nilikuja kukuangalia kama unaona vizuri."

"Gemu ni nzuri, bosi. Inapotea bure kwa mtu kama mimi. Kule mwisho, baada ya ukuta wa mwisho, kuna bucha."

"Bucha?"

"Nimelichungulia. Nyama imetundikwa mpaka darini, mapaja, vidari, maini yamelundikwa chini kama takataka. Mimi mla majani, nimekinai kutazama tu."

Tumbo la Fisi likanguruma, ngrrr, likajibu kabla ya mwenyewe.

"Na mtu akifika huko?" akauliza Fisi.

"Akifika anabonyeza kitufe. Sijui kinatoa nini. Mimi nakufa njiani, vidole vifupi. Hii inataka mikono ya mkubwa."

Fisi alijua nyama ya kwenye kioo hailiwi. Alijua kabisa. Lakini mjue na nyinyi, mwenye tumbo lile hajawahi kukubali kwamba kuna nyama mahali na si yake. Akamsukuma Pimbi atoke kwenye kigoda. "Toka hapo. Na usiende mbali."

"Niende wapi, bosi, na kazi nimeshapata?"

Fisi akakaa. Pimbi mwenyewe akamvalisha hedifoni, akazikaza. "Usife, bosi," akamwambia sikioni kabla ya kuzifunga. "Ukifa unarudishwa mwanzo, mbali na nyama. Usife hata mara moja."

Na Fisi hakufa. Alikuwa hodari, kweli. Jibanze, chungulia, piga. Jibanze, chungulia, piga. Tatatata. Kioo kinawaka tu, na uso wake unawaka, na udenda unatiririka juu ya pedi.

Pimbi akatoka mlangoni polepole. Akamwinamia Chatu.

"Mzee, bosi kasema chakula chako leo si kwato. Leo ni mwili mzima. Kimekaa kwenye kigoda, kimegeuza mgongo."

Chatu akatoa ulimi, akauonja upepo wa chumbani, akaurudisha. Macho yake ni mabovu, lakini ulimi wa chatu haukosei harufu ya mtu aliyemlinda miaka yote. Akamtazama Pimbi muda mrefu.

"Bosi kasema?"

"Kasema."

"Basi amri ni amri," akasema Chatu. Akavua kofia, akaiweka chini taratibu, akaingia.

Pimbi hakutazama. Alisikia tu. Tatatata. Tatatata. Halafu tata. Halafu kitu kama gunia likiburuzwa, na mifupa, kwach, kwach, moja moja. Kule kwenye kioo askari wa Fisi alibaki amesimama bila mtu wa kumjibanza, adui wakamzunguka, pa, na mara ile kioo kikazima. Ndipo Fisi alipoona kilichokuwa nyuma yake. Alichosema hakikusikika, pumzi ilikuwa imekwisha.

Pimbi akatoka nje juani. Foleni ilikuwa imeongezeka, inapita hadi kwenye mabanda ya mboga. Akapanda juu ya kreti ya soda ili aonekane.

"Ndugu zangu, rudini nyumbani. Hapa hapajawahi kuwa na kazi. Hapa ni machinjio. Digidigi kaliwa, na wote walioingia kabla yake wameliwa. Na Fisi naye sasa hivi kamezwa, yuko tumboni mwa mlinzi wake."

Swala akaziba mdomo kwa kwato. Nguchiro akaanza kulia kwa kwikwi, dada yake alikuwa ameingia wiki iliyopita. Upepo ukapeperusha vumbi.

Ngiri akainua mkono, kwa adabu, kama darasani.

"Samahani, kaka Pimbi. Kwa hiyo nafasi ya Bwana Fisi iko wazi?"

Na kabla Pimbi hajafungua mdomo, foleni nzima ilikuwa imesogea hatua moja mbele.

Ngano imefika ukutani, aliyekuwa akiisikiliza ajikung'ute, aliyekuwa amelala asimulie wenzake alichoota. Na funzo lake, wanangu, ni hili: acheni kupoteza muda kwenye gemu, tafuteni kazi. Ukiitwa, nenda peke yako. Bosi akiwa nyuma yako, jua anakutakia mema.