Kandida na Mlango wa Kiini

Mlango uache ulivyoukuta. Mtunza ghala amewakemea kwa maneno hayo asubuhi hii, nanyi mmekuja kuuliza ni wahenga gani waliyasema. Wahenga gani! Yalizaliwa humu humu Mbinga, ndani ya karakana hii mnayoifagia, na aliyeyasababisha ndiye mkuu wenu wa leo. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Chama cha wakulima kilitaka mashine ya kukaushia kahawa, yenye kompyuta ndogo ya kuangalia moto. Mhandisi Otmari Kinunda, aliyekuwa mkuu wa karakana wakati huo, alikataa kununua programu ya nje. Yeye na vijana wake waliandika kila kitu wenyewe, hata kiini, yaani ile programu ya ndani kabisa inayoziamuru nyingine zote. Mmoja wao alikuwa Kandida Ndunguru, binti mwenye maringo kidogo, na maringo yenyewe yalikuwa na sababu: sehemu kubwa ya kiini kile ilitoka mikononi mwake.

Sasa, kipimajoto kikiwa na habari hakingoji zamu. Huikatiza prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, katikati ya kazi, na karakana nzima iliita kukatiza huko "hodi". Lakini zipo kazi zisizotaka mgeni, kama kuandika kiwango kipya cha joto. Mgeni akiingia tarakimu zikiwa nusu, ataondoka na uongo. Kwa hiyo kazi kama hiyo hufunga mlango kwanza, hodi zikangoja nje, na kiini huweka alama katika kumbukumbu yake: umefungwa, au uko wazi.

Mwanzoni vijana walikuwa wakisahau kuufungua, mashine inakuwa kiziwi. Otmari, ambaye kwao kumfungia mgeni mlango ilikuwa aibu ya ukoo mzima, akaandika ukutani kwa rangi: UKITOKA, FUNGUA. Wote wakatii. Ilikuwa sheria nzuri, na matata yakajificha humo humo.

Mashine ikashikwa na wazimu. Inakausha vizuri, mara inasoma joto lisilokuwepo, inachochea moto, kahawa inaungua. Mzee Hyera, mwenyekiti wa chama, alifika karakana amefumbata buni zilizoungua.

"Mhandisi, wakulima hawali fahari," alisema. "Ijumaa tunakausha mbele ya wanachama wote. Ikiungua tena, kiini chenu tunakifuta, tunanunua cha watu."

Kukifuta! Neno lile lilimchoma Kandida moyoni, akalia chooni, kisha akanawa uso na kurudi kwenye kiti chake.

Alikagua kila mahali joto linapoandikwa. Kila mara alama ilisema mlango umefungwa. Sasa kama umefungwa, mgeni anapita wapi? Wenzake walilaumu kipimajoto, wakabadilisha nyaya, wakabadilisha na kipimajoto chenyewe. Wapi! Kahawa iliungua vilevile.

Ndipo Kandida alipojiuliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amejiuliza. Alama ni neno la bawabu tu. Nani ameutazama mlango wenyewe? Akaandika ukaguzi mfupi: kila hatua, kiini kiiulize prosesa yenyewe kama mlango umefungwa, kisha kilinganishe jibu na alama. Vikitofautiana, kisimame pale pale na kutaja kazi iliyopita mwisho. Wakawasha. Kahawa ikaanza kunukia, kisha mashine ikasimama ghafla. Alama: umefungwa. Mlango: wazi. Aliyepita: saa.

Kandida akaguna. Kazi ya kusoma saa aliiandika Otmari kwa mkono wake.

"Mzee," alimwambia Otmari taratibu, "kazi ya kuandika joto inafunga mlango. Ikiwa ndani, inaiita saa. Saa nayo inafunga, inasoma wakati, na ikitoka..."

"Inafungua," Otmari akamalizia. "Kama nilivyoagiza."

"Inafungua moja kwa moja kwenye prosesa, alama haiguswi. Na mlango haukuwa wake, Mzee. Iliukuta umefungwa."

Otmari aliutazama ukuta wake. Kuna wakubwa ambao hapo wangetafuta wa kumsingizia.

"Rekebisha, mwanangu," alisema. "Kazi ni yangu, lakini jicho ni lako, na leo najivuna kuliko siku niliyohitimu."

Kandida akarekebisha. Saa itazame kwanza mlango uko vipi, ikumbuke, ndipo ifunge. Ikitoka, iurudishe katika hali ileile.

Ijumaa ua ulifurika watu. Buni zilitoka na ule ukijani unaopendwa na wanunuzi. Mzee Hyera aliuma moja, ikalia kach, naye akajaza mfuko wa koti ili akawaonyeshe wa nyumbani. Kandida alijivuna waziwazi, na nani angemkataza? Otmari akapanda kwenye stuli, akaifuta sheria yake mbele ya watu, akaandika mpya: MLANGO UACHE ULIVYOUKUTA.

Mama mmoja mkulima akaisoma kwa sauti, akacheka. "Huyu anamsema mkwe wangu!"

Kicheko kile ndicho kilichoyabeba maneno mpaka vijijini. Siku hizi huambiwa aazimaye jembe, na mgeni aingiaye nyumba yenye ugomvi.

Kiini kile hakikufutwa, na Kandida ndiye mkuu wenu wa leo. Kiini hicho ndicho kinachokausha kahawa hapo nje sasa hivi. Nanyi leo mliukuta mlango wa ghala umefungwa, unyevu usiingie kwenye magunia, mkauacha wazi mkidhani mnatenda wema. Mhandisi Otmari naye alitenda wema. Haya, nendeni mkaufunge, na mkikemewa tena msiulize ni wahenga gani. Mlango uache ulivyoukuta.