Mwasaru na Mtoto wa Tembo Kisimani

Nikiita, mwaitika?
Twaitika.
Nikinena, mwasikia?
Nena, masikio yetu yako wazi.

Hapo kale, zamani za kale, paliishi mtu aitwaye Mwasaru. Alikuwa na nguvu, nguvu kwelikweli. Chui alipomaliza mbuzi wa kijiji, Mwasaru alimuua kwa rungu. Nyati alipowapandisha watu mitini, Mwasaru alimkabili akamwangusha. Mamba alipoziba kivuko, Mwasaru alimkamata mkia akamburuta mpaka nchi kavu. Watu wakasema mwanamume ni Mwasaru, wengine wana ndevu tu.

Mwaka mmoja mvua ikakataa. Mto ukakauka, kikabaki kisima kimoja mchangani. Asubuhi moja wanawake wakaenda kuteka, wakarudi mbio bila mitungi. Wakasema tembo jike amesimama kisimani, mkubwa kama kilima, hapiti mtu.

Wazee wakamwita Mwasaru. Wakamwambia aende amuue, maana watoto wana kiu.

Mwasaru akachukua mkuki, akaenda. Alipokaribia, akapunguza mwendo. Alikuwa ameona wanyama wengi, lakini si kama yule. Masikio yake yalikuwa mapana kama milango, na yalipopepea, vumbi lilipaa mpaka juu ya miti. Na machozi yalikuwa yakimtiririka.

Tembo akanena. "Mwanadamu, mwanangu ametumbukia humu. Mkonga wangu haumfikii. Nikichimba, mchanga unamfukia. Ukinichoma, tutakufa wawili. Ukikimbia, atakufa mmoja. Je, huna la tatu?"

Mwasaru akachungulia. Mtoto wa tembo yumo, amezama matopeni hadi kifuani, analia kwa sauti nyembamba. Mwasaru akaogopa. Nyati hakumwogopa, lakini kuingia shimoni chini ya miguu ya mama yule, hilo aliliogopa. Kisha akauchomeka mkuki mchangani, akashuka.

Siku ya kwanza akachimba mteremko kwa mikono. Mchanga ukaporomoka. Vijana wakasimama mbali wakimcheka, wakisema Mwasaru amekuwa mkunga wa tembo. Akachimba.

Siku ya pili kucha zikang'oka. Wazee wakatuma neno kwamba wamemtuma kuua, hawakumtuma kulea. Akachimba.

Siku ya tatu akaja mkewe, Wakesho. Akavitazama vidole vya mumewe. Akajifunga nguo kiunoni, akashuka na jembe. Wakachimba wawili.

Jua la utosini, mteremko ukafika chini. Mwasaru akatia bega chini ya tumbo la yule mtoto, akasukuma. Akapanda, akateleza. Akapanda, akateleza. Mara ya tatu mtoto akapanda, akatoka.

Basi yule tembo mkubwa akapiga magoti. Akanyoosha mkonga, akauweka juu ya kichwa cha Mwasaru, ukatulia hapo, mzito, una joto. Kule mbali, ambako wazee nao walikuwa wamefika, hakuna aliyecheka. Walikuwa wameketi chini wote, vijana kwa wazee, na hakuna aliyewaambia waketi.

"Wengi wamenijia na mikuki," akasema tembo, "nami nilijua la kuwafanya. Wewe sikujua nikufanye nini."

Akainuka, akatembea katika mto mkavu akinusa mchanga. Akachimba kwa miguu mahali patatu, na pote patatu maji yakabubujika. Kisha akamtanguliza mwanawe, wakaenda zao. Kijiji kikanywa maji yale mpaka mvua iliporudi.

Na Mwasaru? Alilala siku mbili, mikono imefungwa majani ya dawa, na Wakesho akimlisha kwa mkono wake.

Enyi mnaonisikiliza, nguvu ya kuangusha hata jiwe linayo. Uanaume ni kushuka shimoni kwa ajili ya mtoto asiye wako, uchekwe, nawe usiache.

Ngano yangu naitua hapa. Mwenye mabega aibebe.