Fisi Mbatizaji na Pimbi wa Majabalini

—Nianze?
—Anza!
—Nitie chumvi?
—Tia, isizidi!

Jumamosi, saa tatu asubuhi, Fisi aliwafikisha wanyama mtoni kwa rungu. Alitaka wabatizwe wote.

"Anayekubali ataleta chakula cha sherehe," alisema. "Anayekataa ndiye chakula."

Padre Korongo akatua, papatu! Fisi akaficha rungu kichakani, akatabasamu.

Korongo akauliza kama ilivyo desturi: "Unataka kubatizwa?"

Digidigi akamtazama Fisi, akatetemeka, tete-tete, akasema, "Nataka." Ngiri akamtazama Fisi, akatetemeka, tete-tete, akasema, "Nataka." Zamu ikamfikia Pimbi, mnyama mdogo wa majabalini. Hakutaka kuliwa. Hakutaka pia kuitikia kwa woga.

"Padre, sina msimamizi wa ubatizo," alisema. "Naomba Mzee Fisi anisimamie. Kwetu msimamizi hula wa kwanza, tena paja."

Fisi akameza mate. "Nitamsimamia! Nitawasimamia wote!"

"Vizuri," alisema Korongo. "Wewe mwenyewe, mzee, ulibatizwa lini?"

Fisi akajikuna sikio.

"Kumbe bado!" alisema Pimbi. "Jamani, si maji haya hapa? Tumsaidie mzee wetu!"

Digidigi akasukuma, Ngiri akasukuma, Pimbi akasukuma. Chubwi!

"Niacheni!" alipiga kelele Fisi. "Sitaki! Imani hailazimishwi!"

Korongo akainua bawa. "Rudia, mzee."

"Imani hailazimishwi!"

"Ndivyo Kanisa linavyofundisha. Mtoeni. Mungu huitikiwa kwa hiari. Haya, nani mwingine hapa amelazimishwa?"

Digidigi akaingia kichakani, akatoka na rungu. Korongo akalitazama, akalitupa mtoni.

"Nendeni nyumbani," alisema. "Atakayetaka, njia anaijua."

Fisi akabaki ameloa, tumbo linanguruma. "Pimbi we! Umenitosa majini!"

"Pole, mzee. Nilikuwa nakusimamia."

Pimbi hakutumia jino wala kucha. Alimwachia Fisi aseme mwenyewe.

Funzo, wanangu: imani hailazimishwi; anayeilazimisha ni fisi.

Chumvi imekwisha, chungu nimefunika.

Jumapili iliyofuata Pimbi alirudi mtoni. Korongo alimwuliza, naye akajibu, "Nataka." Alikwenda peke yake.