Kochi la Ghorofa ya Nne

Hapo zamani, wala msidhani ni zamani za majitu, maana lifti zilikuwapo na simu zilikuwapo, palikuwa na jengo la ghorofa kumi na mbili. Kila mtu alikuwa na mlango wake, na ndani ya mlango wake alipafagia. Lakini ngazi zilikuwa za wote, na cha wote, mnajua wenyewe, hakina mwenyewe. Huyu kaweka jiko, yule kaweka baiskeli, yule magunia ya mkaa. Ukipanda, unapanda ubavu ubavu.

Ghorofa ya kumi na moja alikaa Mwajabu na mumewe na mama mkwe wake, Bi Mashavu. Mwajabu akashika mimba. Uchungu ukamjia siku ambayo lifti ni mbovu, wakamteremsha kwa ngazi, na kwenye ghorofa ya saba wakakwama. Kabati kubwa lilikuwa limeziba njia. Kulisogeza tu, nusu saa. Walipofika hospitali, mtoto alikuwa amekwisha kufa.

Kabati lilikuwa la Bi Shemsa, mjane wa ghorofa hiyo ya saba. Hakuna aliyemwambia neno. Kesho yake alilipasua kwa shoka, kuni akazigawa. Kisha akaanza vita. Alibisha hodi mlango kwa mlango: "Baba, toa baiskeli yako. Mama, toa jiko lako." Asiyetoa, alimtolea. Walimtukana, akatoa. Walimwita mchawi, akatoa. Mwaka mzima, mpaka njia ikawa nyeupe.

Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni kochi la Mzee Kisesa. Mzee alikaa ghorofa ya nane na magoti yake yalikuwa mabovu, kwa hiyo aliweka kochi ghorofa ya nne, pale ngazi zinapopinda, apumzike.

"Toa kochi lako, Mzee."

"Sitoi."

Bi Shemsa alilishusha mara tatu. Mara tatu mzee akatuma wajukuu, likarudi.

Mwajabu akashika mimba tena. Asubuhi moja, saa nne, uchungu ukamkamata. Kumbe na lifti imekufa! Lusekelo, mchukuzi wa mizigo pale jengoni, akamwinua mikononi, akaanza kushuka. Ngazi hazikuwa na madirisha, na taa zake zimeungua, giza tupu. Bi Mashavu akapiga ukelele: "Taa, jamani! Taa!"

Milango ikafunguka. Ya kumi ikafunguka, ya tisa ikafunguka, ya nane ikafunguka. Watu wasiowahi kupeana hata salamu wakasimama wameegemea ukuta, kila mmoja na simu yake inawaka, na Lusekelo akapita katikati yao. Mimi nilikuwapo, nilishika taa, na hadi leo nikikumbuka mwili unanisisimka. Sikujua kama tulikuwa wengi kiasi kile.

Kwenye ghorofa ya nne Mwajabu akasema, "Nishushe, kaka. Hangoji."

Akalazwa kwenye kochi. Mtoto akatoka kimya, kitovu kimemzinga shingoni. Bi Mashavu akakizongoa, akampulizia. Kimya. Akampulizia tena. Jengo zima limebana pumzi. Mara mtoto akalia, na kilio kile kikapanda ngazi, ghorofa kwa ghorofa, mpaka kwenye paa. Subhanallah! Watu wazima tulilia na yeye.

Siku ya saba Bi Mashavu akasimama mbele ya wakazi wote. "Kwetu, jina la mtoto hutolewa na bibi yake. Haki hiyo ni yangu, na leo namwachia aliyemwokoa. Asimame."

Wakasimama watatu.

Lusekelo akasema, "Ni mimi. Ngazi hazina mikono, wala kochi halina miguu. Nilimbeba ghorofa saba, sikumtikisa."

Bi Shemsa akasema, "Ni mimi. Ungempitisha wapi, mwanangu? Nimetukanwa mwaka mzima kwa ajili ya njia hiyo."

Mzee Kisesa akasema, "Ni mimi. Njia hiyo ilimfikisha wapi, kama si kwenye kochi langu? Ningekutii, Bi Shemsa, kitovu kingezongolewa wapi? Juu ya vidato, gizani?"

"Hukuliweka kwa ajili ya mtoto, Mzee. Uliliweka kwa ajili ya magoti yako."

"Na kabati lako je, uliliweka kwa ajili ya nani?"

Bi Shemsa akainamisha kichwa. "Ndiyo maana nikafanya yote yale," akasema.

Mzee akamgeukia Lusekelo. "Na wewe, ile lifti ilikufaje? Nani aliishindilia mifuko ya saruji asubuhi ile?"

Lusekelo akaitazama mikono yake.

Wote wakamtazama Mwajabu. Alikuwa akimtazama Bi Shemsa, machozi yanamtiririka, na hakuna aliyejua ni machozi ya mtoto yupi. Bi Mashavu akamwinua mjukuu, tayari kumnong'oneza jina sikioni, akangoja aambiwe jina gani.

Mimi nimepima na kupima, nimeshindwa. Yuko aliyeziba njia, kisha akaifungua. Yuko aliyekataa kuifungua, na ukaidi wake ukawa kitanda. Yuko aliyeua lifti, kisha akawa lifti yeye mwenyewe. Haya, nanyi mna ngazi zenu, semeni: je, nani alistahili kumpa mtoto yule jina?