Mfenesi wa Mize

Enzi hizo, wajukuu zangu, mfenesi ulizaa juu kabisa, kwenye ncha za matawi. Fenesi lilikuwa dogo kama chungwa, maana kijitawi chembamba hakiwezi kubeba zaidi ya hapo. Asiyejua kukwea hakulionja.

Hapa kijijini mkwezi hodari kuliko wote alikuwa mwanamke, Mize binti Kombo. Siku moja tawi lilimkatikia akaanguka, akavunjika nyonga. Mfupa uliunga vibaya. Tangu hapo akawa anatambaa.

Mdogo wake, Faki, aliingiwa na uchungu, akachukua shoka. "Dada, mti huu umekumaliza. Leo naukata."

"Huukati," alisema Mize. "Mimi nao hatujamalizana."

Faki hakusikia. Alikuwa ameshalipiga shina mapigo matano Mize alipofika akitambaa na kulikumbatia. Utomvu mweupe ulikuwa ukichuruzika, ukamgandisha mikono na kifua. Walipotaka kumbandua ngozi ilivutika, hadi mama yao alipoleta mafuta ya nazi. Ndiyo maana hata leo tunajipaka mafuta kabla ya kupasua fenesi.

Mize aliyaziba majeraha ya mti kwa udongo, akayafunga kwa vipande vya mkeka. Kila asubuhi alitambaa hadi kisimani, akarudi akiburuta kibuyu cha maji. Viwiko vilichubuka, vikaota sugu. Msimu wa kwanza mti haukuzaa. Wa pili pia haukuzaa. Watu walimwambia apumzike.

"Nitapumzika ukizaa," aliwajibu.

Mwaka wa tatu mvua zilikata na mihogo ikanyauka. Mize aligawana na mti maji yake ya kunywa. Asubuhi moja, alipofungua mkeka, aliona uvimbe wa kijani kwenye kovu la shoka.

"Hilo jipu," alisema Faki. "Mti unaoza."

Mize aliufunika tena na kuendelea na maji yake. Uvimbe ukawa kama ngumi, kisha kama kichwa, kisha kama mtungi, kwa kuwa sasa ulishikwa na shina zima. Ulipoanza kunukia, Mize alilichuma fenesi lile akiwa amekaa chini. Kijiji kizima kilikula, na wazee waliokuwa hawajawahi kuonja fenesi maishani mwao walirudia mara mbili.

Faki naye alikula. Kisha akakichukua kile kibuyu, akaenda kisimani, na hakumwachia tena dada yake kazi hiyo.

Kokwa za fenesi lile zilipandwa huku na huko, na miti yote iliyoota ilifuata mzazi wake. Na tangu mwaka ule wa njaa mfenesi huzaa shinani, mafenesi makubwa kupita matunda ya mti wowote tunaoujua. Na hapa kwetu lile la chini kabisa mwenye miguu mizima haligusi. Lina wenyewe, na wenyewe huja kulichukua kwa wakati wao.