Komwe za Zimwi

"Paukwa!"
"Pakawa."
"Pakawa mkeka?"
"Tumeuketia."
"Na mwenye haraka?"
"Atangulie kwao."

Haya. Hapo kale Zimwi alikuja akaikalia chemchemi ya kijijini kwa Mwatime, msuka mikeka. Maji mengine hayakuwapo. Walipokwenda kumsihi, Zimwi akamwaga rundo la komwe, zile mbegu za kuchezea bao. Zilikuwa elfu mbili mia tano ishirini na moja.

"Kitendawili!"
"Tega."
"Zipangeni mistari iliyo sawa, isibaki hata moja. Mistari iwe miwili au zaidi, na kila mstari komwe mbili au zaidi. Mkishindwa, nipeni mji, na mji wenyewe ni huu wenu."

Tembo akapanga mbili mbili. Ikabaki moja. Nyati akapanga tatu tatu. Ikabaki moja. Fisi akapanga nne nne. Ikabaki moja, akaimeza. Zimwi akamshika miguu, akamtikisa kichwa chini mpaka akaitema.

"Tumpe mji, atoe jibu?" watu wakanong'ona. "Na akiwa nalo, tutakwenda wapi?" Wakaogopa.

Mwatime akaketi kupanga. Tano tano, ikabaki moja. Sita sita, moja. Mpaka kumi kumi, moja ile ile. Akaudhika.

Chura, aliyebakiwa na tope tu, akamwambia, "Dada, acha. Utakufa na kiu."

"Nikiacha nitakufa na kiu vilevile."

Akaendelea. Kumi na moja kumi na moja, zikabaki mbili. Kumi na mbili, ikabaki moja. Kumi na tatu, zikabaki kumi na mbili. Hakuruka idadi hata moja. Siku ya saba akafika hamsini hamsini. Zikabaki ishirini na moja. Akajipangusa vumbi, akasimama.

"Mbona hamsini na moja hujajaribu?" akauliza Chura.

"Mkeka ukiugeuza, urefu unakuwa upana. Komwe hizi hazitoshi mistari hamsini na moja ya hamsini na moja. Mstari ukizidi hamsini, mistari yenyewe itakuwa chini ya hamsini, na huko kote nimeshapita."

Akamwendea Zimwi. Watu wakamvuta kanga wakilia, lakini hakugeuka.

"Zimwi, nakupa mji."

Zimwi akacheka.

"Nimekupa. Sasa tegua. Ndiyo ada ya vitendawili: apewaye mji hutoa jibu. Asiye na jibu hana mji."

Zimwi akapanga mbili mbili. Ikabaki moja. Tatu tatu. Ikabaki moja. Nne nne. Ikabaki moja. Akaitazama, kisha akamtazama Fisi.

"Usiimeze," Fisi akasema. "Mimi nilijaribu."

Zimwi akainuka kwa aibu, akaenda zake, na maji yakabubujika. Mwatime akampisha Chura anywe kwanza.

Basi, wanangu, neno "haiwezekani" ni la aliyejaribu mpaka mwisho. Mwoga akilisema, anabahatisha tu.

Hadithi yangu nimeiacha pale chemchemini. Anayebisha aende akapange, komwe zingalipo. Fisi atamhesabia.