Kosa Lililorudi Jundani

Kosa lisilosemwa hurudi na maji. Ndivyo alivyosema shangazi yenu jana, nanyi mkauliza maneno hayo yametoka wapi, maana hamkuyakuta katika methali mlizofundishwa shuleni. Msingeyakuta. Ni methali changa, na waliokuwapo ilipozaliwa wengi wao wangali hai. Sikilizeni ilivyoanza.

Katika kijiji cha Jundani alikuwapo mwanamke akiitwa Mkasi, mkulima wa mwani. Mashamba ya wanawake wa Jundani yako juu ya fungu la mchanga, ng'ambo ya mkondo. Maji yakipwa huvuka kwa miguu, wakafunga mbegu kwenye kamba zilizofungwa vigingini na kuvuna mwani uliokomaa. Maji yakianza kujaa hurudi. Mkasi alizoea kwenda na wifi yake Miza, mke wa kaka yake, na mapenzi yao yalikuwa ya ndugu wa tumbo moja.

Kila asubuhi simu zao zilipokea ujumbe kutoka ofisi ya hali ya hewa mjini: upepo utavumaje, mawimbi yatakuwaje. Asubuhi moja ujumbe ulisema bahari itakuwa shwari. Wakavuka. Hawajamaliza hata kamba ya pili, mawimbi makubwa yakaingia kwa kupitia mlango wa mwamba, pale penye pengo la kuelekea bahari kuu, moja likifuata jingine. Miza aliangushwa juu ya vigingi, mguu ukavunjika. Mkasi na wenzake walimbeba mabegani kuvuka mkondo, maji yakiwapiga vifuani, na mara mbili walikaribia kumpoteza.

Jioni ile wanawake walikubaliana kwamba ujumbe wa simu ni uongo mtupu. Wengi waliufuta. Mkasi naye alitaka kuufuta, lakini alipousoma tena aliona maneno ya mwisho, ambayo yalikuwapo siku zote na hakuna aliyeyajali: Tuambieni mlichokiona. Kwa hasira akaandika, "Jundani mawimbi kifuani. Nyinyi mmesema shwari. Wifi yangu amevunjika mguu."

Kesho yake alipigiwa simu na binti mmoja aitwaye Zaitun, mtabiri katika ofisi ile. Zaitun alimwamkia, akampa pole, akauliza hali ya mgonjwa. Kisha akauliza mawimbi yalitokea upande gani, na fungu liko wapi hasa. Akapatafuta kwenye kompyuta yake.

"Bi Mkasi," alisema, "kwenye ramani ya kompyuta yangu, hapo mnaposimama ni nchi kavu. Mkondo wenu ni mwembamba mno, kompyuta haiuoni. Na kipimo changu cha mawimbi kilicho karibu kiko nyuma ya rasi. Miaka yote hii nimekuwa nikikosea juu yenu, na hakuna aliyeniambia."

Mkasi alikuwa amejiandaa kugombana. Hasira zikamwishia. Alimwuliza binti yule anataka nini, naye akasema anataka macho.

Tangu hapo Mkasi na wanawake wanne wengine wakawa wanatuma habari kila wanapovuka. Kipimo chao kilikuwa mwili: wimbi la goti, la kiuno, la kifua, na upande linakotoka. Zaitun alilinganisha habari zao na utabiri wake, akarekebisha, akatuma tena. Kwanza haukuonekana unafuu. Halafu, pole pole, ujumbe wa Jundani ukaanza kufanana na bahari ya Jundani. Waliokuwa wameufuta wakaanza kuja kwa Mkasi asubuhi kuuliza simu imesemaje.

Lakini Mkasi alikuwa hajasahau uzito wa Miza mabegani mwake. Wimbi likiwa la kiuno, mkono wake uliandika kifua. Alijiambia kwamba hofu haijaua mtu. Wenzake walipoona mkubwa wao ameandika kifua, nao waliandika kifua. Basi ujumbe ukaanza kuonya siku ambazo bahari ilikuwa imelala. Wanawake wakabaki nyumbani, mwani ukazidi kukomaa, ukakatika na kuchukuliwa na maji. Watu wakaanza tena kunung'unika kwamba simu ni mwongo.

Mguu wa Miza ulikuwa umepona. Siku moja, wakiwa wawili ukumbini wanasokota kamba, alimwuliza, "Wifi, jana maji yalikufika wapi?"

"Kiunoni."

"Uliandika wapi?"

Mkasi aliendelea kusokota.

"Nilikuwepo ufukweni nikikutazama," Miza alisema. "Najua unafanya kwa ajili yangu. Lakini ujumbe ulionivunja mguu ulisema pasipo kweli, na wako unasema pasipo kweli. Siku wenzetu watakapoacha kuuamini, wakavuka siku mbaya, tutambeba nani?"

Mkasi aliona haya, hasa kwa kuwa aliyesema ndiye mwenye haki ya kuogopa kuliko wote. Aliweka kamba chini, akampigia Zaitun, akamweleza kila kitu. Alitarajia kukaripiwa.

Zaitun alishusha pumzi. Alisema alikuwa akihangaika majuma kadhaa, akidhani kosa ni la hesabu zake. Sasa ataziweka kando habari zile, waanze upya. "Ahsante kwa kuniambia, mama. Ungenyamaza, ningeendelea kujenga juu ya kosa."

"Wewe ulikosea, ukaniambia," Mkasi alimjibu. "Nami nimekosea, nimekwambia. Kosa lisilosemwa, mwanangu, hurudi na maji."

Miza alicheka, akayarudia maneno yale, na kabla ya Ijumaa kijiji kizima kilikuwa nayo.

Bamvua lililofuata, siku ambazo maji hupwa sana na kujaa sana, ujumbe ulisema: asubuhi shwari, kabla ya adhuhuri mawimbi ya kifua yataingia mlangoni, tokeni mapema. Wanawake wote walivuka, Miza akiwamo. Walivuna wakiimba, na mapema wakajitwika matenga ya mwani vichwani wakarudi. Walikuwa wamekaa ufukweni wakikamua nguo zao pale wimbi la kwanza lilipoingia na kulifunika fungu. Hakukuwa na mtu juu yake. Mkasi alitoa simu, akatazama wimbi lilivyopanda kwenye vigingi, akamwonyesha Miza alichoandika kabla ya kukituma.

Ndiyo maana Jundani mtoto akivunja chungu, au mzee akipotosha shauri, hawamwulizi kwanza kwa nini. Humwambia aseme, kwa sababu kosa lisilosemwa hurudi na maji.